Mfunga Mkia Anashuka Baiskeli

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, Ijumaa hii tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, mfunga mkia wetu anashuka baiskeli na kukabidhi ufunguo wa lango. Anastaafu. Ofisi imetuambia tuseme "anakwenda kupumzika", lakini mtu ambaye hajapumzika hata kwenye mteremko, sijui atapumzikia wapi.

Kwa wasomaji wapya wa jarida hili, na kwa wenzetu wa ofisi ya mjini wanaotujua kwa sauti za simu tu, nieleze kidogo. Sisi ndio tunaowapitisha wageni kwa baiskeli kwenye njia ya reli ya zamani, siku tano, kutoka lango la chini, kupitia makorongo matatu, mpaka kwenye magofu ya mji wa mawe, na kuteremka upande wa pili. Reli yenyewe iling'olewa siku nyingi. Pamebaki tuta, madaraja, mahandaki manne, na stesheni ambamo sasa wageni wanalala. Gari haliingii. Pikipiki haiingii. Hata meneja, pamoja na cheo chake chote, akifika langoni anashuka na kukanyaga pedali kama sisi, na kwa anavyohema mnaweza kudhani kuna garimoshi limerudi. Msafara una kiongozi wa mbele anayeonyesha njia, na una mtu wa nyuma kabisa asiyempita yeyote. Akifika yeye, wamefika wote. Huyo ndiye mfunga mkia. Tumemwita Mkia kwa miaka mingi mpaka barua zake za ofisini zinakuja zimeandikwa hivyo hivyo.

Kazi hii ya kuandika nimepewa mimi kwa sababu mbili. Kwanza, nimekaa naye karakana moja miaka sita na ushee, na hakuna mwingine aliyemvumilia kiasi hicho. Pili, kila aliyeombwa alijifanya hajui kuandika. Mimi shule niliiaga mapema, na shule nayo haikunililia, lakini nani asiyejua kwamba maneno ninayo? Naziba pancha kwa dakika nne. Nanyoosha rimu kwa macho, bila kifaa. Na nusu ya barua za mapenzi zilizotoka stesheni ya pili nimeziandika mimi, wenyewe wanajijua na ndoa zao zinadumu. Kwa hiyo tulieni, mko mikononi mwa fundi.

Naandika huku mvua inapiga bati la karakana, siku ya tatu sasa. Ukungu umejaa korongo la kwanza mpaka langoni. Baiskeli ishirini na mbili zimening'inia kwenye ndoano zake, na ndoano ya ishirini na tatu iko tupu, kwa sababu mwenyewe ameishusha yake tangu jana, ameifuta, ameipaka mafuta, na kuiegemeza mlangoni kama mtu aliyefunga mizigo mapema akiogopa kuachwa.

Mkia aliingia hapa kijana wa miaka ishirini na tisa, ana nywele. Picha ipo, imebandikwa jikoni stesheni ya kwanza, na mpishi anawaonyesha wageni wasioamini. Wakati huo hakukuwa na baiskeli hata moja. Alikuja kama kibarua wa kuondoa mataruma, yale magogo yaliyolala chini ya vyuma vya reli. Aliyabeba begani miaka miwili. Ndiyo maana bega lake la kushoto limeshuka, na ndiyo maana kila shati analovaa linaonekana la kuazima. Wenzake walipomaliza kazi ya magogo walikwenda zao. Yeye alibaki kumwaga changarawe, akabaki kujenga kingo za madaraja, na siku msafara wa kwanza ulipopita, wageni sita na baiskeli za mkopo, akaambiwa afuate nyuma aokote watakaoanguka. Hakuambiwa aache. Akaendelea kufuata mpaka leo.

Baiskeli yake inaitwa Ng'ombe. Aliyeipa jina hilo ni mimi, na sijaombwa radhi kwa kuniharibia kiuno siku niliyojaribu kuinyanyua. Nyuma ina sanduku la chuma: spana za kila namba, minyororo miwili, mipira ya ndani mitano, gundi, viraka, bendeji, blanketi, birika, na mwavuli wa mtu aliyeusahau miaka kumi na minne iliyopita, kwa kuwa, anasema, mwenyewe anaweza kurudi. Nilimwambia uzito huo ndio unaomfanya awe wa mwisho, wala si kazi. Akanijibu kwamba mimi sina mzigo wowote na bado huwa nachelewa kuamka.

Wageni walimpenda kuliko walivyotupenda sisi, jambo ambalo ni uonevu, maana wa sura nzuri tupo. Kwenye magofu alikuwa na hadithi mpya kila wiki. Zile ngazi fupi fupi za mawe, wiki hii atakwambia zilijengwa kwa ajili ya malkia mwenye miguu mifupi, wiki ijayo zilijengwa ili maadui wajikwae. Mgeni mmoja, profesa wa mambo ya kale kabisa, alimsahihisha mbele ya watu akisema hakuna ushahidi wa malkia yeyote. Mkia akamuuliza kwa upole, "Ulikuwepo, ndugu?" Profesa akasema hapana. "Basi tuko sawa," akasema Mkia, akaenda kuchemsha chai. Profesa yule amerudi mara tatu, na kila akija anauliza malkia hajambo.

Sasa nifike kwenye kuhesabu, kwa sababu bila kuhesabu hakuna habari ya huyu mzee.

Mtindo wa washa aliubuni yeye. Washa ni kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, na karakanani kwetu zimejaa kama mchanga. Magofu yako juu ya mwamba, baiskeli hazipandi. Mnaziacha chini, kwenye nguzo ya zamani ya ishara ya garimoshi, mnapanda kwa miguu. Kwenye nguzo ile Mkia alifunga waya wenye washa, moja kwa kila mtu. Ukipanda, unachukua yako. Ukishuka, unairudisha kwenye waya. Waya ukijaa, juu hakuna mtu, na Mkia anafunga kijilango cha ngazi na msafara unaondoka. Huhitaji kupiga kelele, huhitaji karatasi inayolowa mvua. Watu wa njia nyingine walikuja kuuiga. Mimi nilipoanza kazi nilimuuliza mbona waya hauna washa yake, na yeye anahesabiwa na nani. Akasema wa mwisho hahesabiwi, ana kazi nyingine ya kufanya. Nikacheka. Nilikuwa nacheka kila kitu siku zile.

Mnajua pia ule ubao wa lango la chini. Una majina saba. Ni ya waliostaafu katika njia hii, yamechongwa kwenye mbao na kujazwa rangi nyeupe, na kila asubuhi tunapita chini yake tukiwa na usingizi. Sheria ya ubao ni ya zamani kuliko meneja: haandikwi mtu ambaye mgeni alipotea mikononi mwake kwa uzembe. Mkia ndiye anayeufuta vumbi ubao ule kila Jumamosi, kwa kitambaa chake mwenyewe. Na kila mtu hapa alijua, tangu miaka sita iliyopita, kwamba jina lake halitaandikwa. Hakuwahi kuuliza. Mwezi uliopita, orodha ya shughuli za Ijumaa ilipobandikwa ukutani, kulikuwa na chai, kulikuwa na hotuba, kulikuwa na zawadi ya saa ya mezani. Ubao haukutajwa. Mkia akaisoma orodha yote, akasema saa ya mezani ni kitu kizuri, akarudi kuziba pancha.

Nilipopewa kuandika hiki mnachosoma, niliambiwa kwa nia njema kabisa kwamba lile la miaka sita iliyopita nilipite kimya kimya. Nimejaribu. Nimeandika kurasa mbili za vichekesho nikazichana. Haiwezekani kumwandika huyu mzee na kuliruka lile, kwa sababu lile si lake peke yake. Ni langu.

Ilikuwa msimu wa baridi, mimi nina wiki ya saba kazini. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Wageni kumi na wanne, kiongozi wa mbele, na mimi: washa kumi na sita kwenye waya. Kati ya wageni alikuwepo mama mmoja mwalimu aliyestaafu, tuliyemwita Mwalimu, mwenye kofia ya kitambaa na daftari la kuchorea. Alikuwa anapanda taratibu, anaketi, anachora, anainuka, anapanda tena. Wote tulimpenda. Mimi alinifundisha kuandika jina langu kwa mwandiko wa kulala, juu ya jiwe, kwa chaki ya mkaa.

Mchana ule mawingu yalishuka ghafla. Kiongozi wa mbele akapiga filimbi tuteremke. Mimi nilikuwa wa mwisho kushuka na chupa zangu, na pale kwenye tao kubwa la mlango wa mji nikamkuta Mwalimu ameketi bado na daftari. Nikamwambia mama, tushuke, mvua hiyo. Akasema, "Limebaki jiwe moja tu, mwanangu. Nakuja nyuma yako sasa hivi." Kisha akavua washa yake kidoleni, alikuwa ameivaa kama pete, akanipa. "Nirudishie, mzee wa watu asije akaanza kuhangaika na filimbi."

Nikaichukua. Nilikuwa nimewekeana dau na kiongozi wa mbele nani atatangulia kufika stesheni ya tatu, na mimi mnanijua, sipendi kushindwa. Nikashuka mbio. Nikapachika washa mbili kwenye waya, yangu na yake. Mkia alikuwa ameinama kwenye mnyororo uliokatika wa mgeni mmoja, mikono imejaa mafuta. Sikumwambia kitu. Nikarukia baiskeli nikaondoka. Nyuma yangu yeye akamaliza mnyororo, akainua macho, akahesabu waya. Kumi na sita. Baiskeli ya Mwalimu, iliyoegemezwa nyuma ya mwamba, ukungu ulikuwa umeificha. Akafunga kijilango, akapanda Ng'ombe, akafunga mkia.

Lile dau nilishinda. Sijawahi kulitaja mpaka leo, mimi ninayetaja hata nikishinda karata.

Njia ilikuwa ndefu na wageni walitawanyika kwenye mvua, wawili wawili, wengine wamejificha mahandakini, hivyo hakuna aliyeshtuka kutomwona mwenzake. Tuligundua mezani, stesheni ya tatu, mpishi alipobaki na sahani moja ya moto mkononi akiuliza ni ya nani. Mkia hakungoja jibu. Alitoka kama alivyokaa. Lakini mto ulio kati ya stesheni na magofu ulikuwa umepanda juu ya daraja la chini, na alivuka kulipopambazuka tu, maji yakiwa kifuani, amembeba Ng'ombe begani, lile lile la kushoto.

Alimkuta Mwalimu chini ya ngazi. Alikuwa amejaribu kushuka peke yake kwenye mawe yaliyolowa, akateleza, akavunjika paja, na usiku mzima wa baridi umempita pale, nyuma ya kijilango kilichofungwa. Alikuwa hai. Anaongea. Mkia akamfunga mguu kwa vipande vya mbao, akamzungushia lile blanketi, akamlaza juu ya sanduku la Ng'ombe na kumfunga kwa mipira ya ndani ya matairi asianguke. Akaisukuma baiskeli kilomita kumi na nane. Mnakumbuka tunavyojisifu kwenye vipeperushi vyetu? Njia isiyo na gari, utasikia ndege tu. Siku ile ndege walisikika vizuri sana. Gari la wagonjwa lilingoja langoni saa tano, dereva amesimama nje anatazama njia.

Mwalimu alifariki hospitalini siku ya pili.

Kikao kilifanyika kwenye chumba kile cha ofisi chenye meza ndefu na feni inayolia. Meneja alikuwa mwingine, aliyetangulia huyu wa sasa. Mkia aliitwa wa kwanza. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, nimeshika kofia yangu ya baiskeli, najua kabisa nitakachosema, kisha sijui, kisha najua tena. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia akiulizwa imekuwaje waya ukajaa na mtu yuko juu. Akajibu, "Nilihesabu vyuma. Sikuhesabu watu." Wakamuuliza kama kuna la kuongeza. Akasema hakuna. Alipotoka nikasimama, zamu yangu. Akanitazama, akasema, "Hawakuhitaji. Nenda ukajaze chupa."

Nikaenda nikajaza chupa.

Jaladani wakaandika: mfunga mkia alizembea. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mwaka ule angepandishwa kuwa msimamizi wa njia nzima, akae ofisini, apone magoti. Hiyo ikafutwa. Akaendelea kufuata nyuma.

Waya aliukata siku iliyofuata. Tangu hapo hakuhesabu tena chuma. Mnajua anavyofanya: anasimama kwenye kijilango, kila anayepita anamgusa bega na kutaja namba kwa sauti. Wageni wanadhani ni baraka fulani ya magofu, wengine wanafumba macho. Sisi wafanyakazi tulimtania, mimi nikiwa mbele ya wote. Mkewe alituambia siku moja, alipokuja kumletea dawa ya magoti, kwamba hata nyumbani wajukuu hawatoki mlangoni bila kuguswa, na yeye mwenyewe akienda sokoni anaguswa kama gunia linalopakiwa.

Lakini kuna jambo ambalo wachache mliliona. Mimi nikipita alinigusa mara mbili. Kila safari, miaka sita. Namba anataja moja, mkono unagusa mara mbili. Niliwaambia wenzangu ni kwa kuwa mimi ni mzuri, anataka kuhakikisha. Moyoni nilijua ni adhabu. Nilijua anajua, na kwamba hiyo ya pili ni ya kunikumbusha. Nikawa napita nimejikaza bega, kama mtu anayesubiri sindano.

Wiki tatu zilizopita alinikabidhi sanduku la Ng'ombe. Tulikuwa wawili karakanani, anatoa spana moja moja, ananieleza ipi inateleza na ipi ya kuaminika. Mimi ndiye niliyekuwa nimeteuliwa kuwa mfunga mkia baada yake, nyote mlisikia, maana nilitangaza mpaka kwa mbuzi wa jirani. Tulipofika kwenye blanketi nikashindwa. Ni lile lile. Nikaanza kusema, na maneno yangu yote, yale ninayojisifia, yakapotea. Nikasema tu, "Mzee, ile washa..."

Akasema, "Najua. Aliniambia njiani."

Nikamuuliza alisema nini. Akaendelea kukunja blanketi. "Aliniomba nisikufokee. Alisema yeye ndiye aliyekutuma." Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia ofisini. Akasema mimi nilikuwa na wiki saba kazini na yeye miaka ishirini na mitano, na kwamba kuhesabu ilikuwa kazi yake, si yangu, na wala hajabadili mawazo. Nikamwambia ameniadhibu miaka sita kwa bega langu. Akaniangalia kama vile hanielewi.

"Adhabu gani?" akasema. "Ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya Mwalimu. Alikuwa anakuja nyuma yako, si ndivyo alivyosema? Basi namhesabu nyuma yako."

Baadaye nilitoka nje nikasimama nyuma ya karakana, na mvua ilikuwa bado haijaanza siku hiyo, kwa hiyo siwezi kusingizia mvua.

Kabla ya kuandika hapa, nilikwenda kwanza kwa binti ya Mwalimu. Anaishi ghorofa ya pili, mlango wa bluu, ni mshonaji wa nguo. Alinifungulia akiwa na futi ya kupimia shingoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza swali moja: mama alikuwa anachora nini? Daftari analo, Mkia alilipeleka siku ya mazishi, lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa umelowa, mistari imeyeyuka. Nikamwambia lile tao kubwa la mlango. Nikamwambia jiwe lililobaki ni lile la katikati juu kabisa, linaloshikilia mengine. Akanipa kipande cha karatasi ya kukatia nguo na chaki ya kushonea, akaniambia nimwonyeshe. Mimi si mchoraji. Nikachora. Akakiangalia, akakibandika ukutani juu ya cherehani kwa pini nne. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Aliponisindikiza mlangoni alisema nimsalimie mzee, na kwamba Ijumaa atakuja.

Kisha nikaenda kwa meneja na maelezo yangu yameandikwa, yamesainiwa, kwa ule mwandiko wa kulala niliofundishwa. Alisoma mara mbili. Aliniuliza kama najua nitapoteza nini. Nikasema najua. Nafasi ya mfunga mkia atapewa kiongozi wa mbele, anayestahili, ingawa kuziba pancha anatumia dakika tisa. Mimi kuanzia Jumatatu narudi kubeba maji kwa mwaka mzima, na baada ya hapo wataangalia. Sina neno. Chupa nazijua.

Na jalada limesahihishwa. Neno "alizembea" limekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni imeandikwa ilivyokuwa, nani alirudisha washa mbili. Meneja ameweka sahihi na mhuri. Nimekuombea pia, Mzee, kwa kuwa wewe hujui kuomba, na nimejibiwa. Fundi seremala alikuja jana ulipokwenda kupima macho. Ndiyo maana ubao wa lango umefunikwa turubai, si kwa sababu ya mvua kama nilivyokudanganya. Na ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilikunyang'anya kitambaa chako cha kufutia vumbi nikakwambia kimepotea. Jina la nane litahitaji kufutwa vumbi na mtu mwingine. Nitalifuta mimi, na kitambaa sirudishi.

Najua haya hayamrudishi aliyekuwa anakuja nyuma yangu. Najua pia utasomewa ukurasa huu umeketi kiti cha mbele, na utakunja uso kwa kuwa hukuombwa ruhusa. Kunja. Kwa mara moja katika maisha yako umewekwa mbele, na huwezi kuondoka mpaka wote tumalize.

Maana Ijumaa, ndugu wafanyakazi, tutafanya hivi. Hotuba zikiisha, saa ya mezani ikitolewa, turubai likivutwa, hatutampigia makofi yale ya kawaida. Mkia atasimama kwenye lango, mahali pake. Sisi tutapita mmoja mmoja: mpishi, kiongozi wa mbele, meneja, wafagiaji wa stesheni, mkewe, wajukuu, mshonaji na wageni waliorudi. Safari hii yeye hagusi mtu. Kila anayepita atamgusa bega lake la kushoto, lile lililoshuka, na kutaja namba. Miaka yote hii ametuhesabu, na hakuna aliyewahi kumhesabu yeye.

Mimi nitakuwa wa mwisho. Nitataja namba mara moja na kukugusa mara mbili, Mzee, na ya pili unajua ni ya nani.

Asante kwa njia yote. Kwa niaba ya karakana, jikoni, stesheni zote tatu na Ng'ombe mwenyewe, tunakutakia maisha mema, magoti mapya kama yapo, na mlango wa nyumbani ambao kila anayetoka asubuhi anarudi.